Uzito wa mguu wa mbele: miezi minane ya kuusawazisha ubao wa foili Shela

Kwa muda wa miezi kadhaa niliamini kwamba tatizo lilikuwa paja langu. Kila nilipotoka na ubao wa foili, yaani ubao unaovutwa na kaiti (tiara kubwa) na wenye bawa chini yake majini, katika mkondo ulio kati ya Shela na Manda huku Lamu, na ubao ukanyanyuka juu ya maji kama unavyotakiwa, paja la mguu wa mbele lilianza kuwaka moto kabla sijamaliza mita 200. Nisipouegemea mguu huo kwa uzito wangu wote, omo, yaani ncha ya mbele ya ubao, ilipanda, bawa likachomoza juu ya maji, nami nikaanguka. Kila alfajiri baada ya sala nilifanya mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka ufukweni, nikidhani nguvu ndiyo iliyopungua. Baadaye nilikuja kujua kwamba paja halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika sentimita chache za mahali pa kufungia mlingoti, na katika kipande cha plastiki chembamba kuliko shilingi. Ninayaandika haya kwa ajili ya vijana wa Lamu, Malindi na Watamu wanaoanza kununua mbao hizi kwa wageni wanaoondoka, ili wasipoteze fedha, muda na damu kama nilivyopoteza mimi.

Foili niliitazama kwa makini kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 2024, wakati mashindano ya kaiti za foili yalipoingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Paris na kufanyika baharini huko Marseille. Tulikuwa watano tumekaa barazani Shela, simu moja imeegemezwa ukutani. Wakati huo nilikuwa nimeshaendesha kaiti kwa ubao wa kawaida kwa miaka sita, nikiwabebea wageni vifaa vyao na kuwasaidia kuirusha, lakini ubao wa kawaida hulala juu ya maji na hutaka upepo mkali ndipo uende. Foili ni kitu kingine. Chini ya ubao hushuka mlingoti, na mwisho wa mlingoti kuna mhimili uliolala wenye bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Ukipata mwendo, bawa kubwa hubeba majini kama bawa la ndege linavyobeba hewani, ubao huinuka, na upepo mwepesi wa asubuhi hutosha kumpeleka mtu mbali. Wazo lenyewe ni la zamani: Mwitaliano Enrico Forlanini alikijaribu chombo cha namna hiyo katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell kilichoitwa HD-4 kilikwenda takriban kilomita 114 kwa saa nchini Kanada. Kwetu sisi barazani, jambo jipya lilikuwa kumwona mtu amesimama peke yake juu ya kitu hicho kwa miguu yake miwili. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu chombo hiki hakina usukani wala farumi, yaani uzito wa kukisawazisha, isipokuwa mwili wa aliyekipanda.

Desemba, kaskazi ilipoanza kuvuma, mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka aliniuzia ubao wake kwa shilingi 110,000. Nilitoa 70,000 nilizokuwa nimeweka akiba, na 40,000 nikakopa kwa shemeji yangu. Boti ya kumpeleka uwanja wa ndege wa Manda ilikuwa inamngoja, kwa hiyo aliufungua ubao mbele yangu kwa haraka, akaupanga ndani ya mfuko, akanipa spana ya pembe sita na kunipa mkono. Sikupiga hata picha moja kabla hajaufungua. Sikumwuliza ana kilo ngapi, alikuwa akiufunga mlingoti wapi kwenye reli, wala vile vipande vya plastiki vilivyokuwa kwenye kifuko cha nailoni ni vya nini. Vipande hivyo nilikaribia kuvitupa. Ukinunua foili iliyokwisha tumika, mwombe mwenyewe aipige alama ya kalamu ya wino mzito mahali kila kitu kilipo kabla haijafunguliwa, na umwulize uzito wake, kwa sababu mpangilio wa mtu wa kilo 90 hautamfaa mtu wa kilo 68 kama mimi.

Chini ya ubao huwa kuna reli mbili, na katika mbao nyingi za siku hizi zimeachana milimita 90. Ndani yake huteleza nati nne, na mlingoti hufungwa kwa bolti nne zinazoshika nati hizo. Kwa kuwa nati huteleza, unaweza kuusogeza mlingoti mbele au nyuma unavyotaka. Mimi niliufunga karibu na mwisho wa mbele wa reli bila ya sababu yoyote ila kwamba nati zilikuwa zimekwama huko kwa mchanga. Kisha nikaifunga mikanda ya miguu kwenye matundu ya nyuma, kwa kuwa kwenye ubao wangu wa zamani nilizoea kusimama nyuma. Sikujua kwamba makosa hayo mawili yalivuta upande mmoja. Nguvu inayobeba hutoka kwenye bawa la mbele, takriban katika robo ya kwanza ya upana wake. Mlingoti ukienda mbele, nguvu hiyo huenda mbele nao. Miguu ikirudi nyuma, uzito wa mwili hurudi nyuma. Kilichobaki ni omo kutaka kupanda mbinguni, na mguu wa mbele pekee ndio wa kuizuia.

Januari yote nilipigana na kitu hicho. Niliweza kunyanyuka, tena upesi sana, na hilo likanidanganya, kwa sababu niliona kwamba kama ubao unanyanyuka kwa urahisi basi umefungwa vizuri. Februari, siku moja ya alasiri, upepo uliongezeka ghafla nikiwa karibu na upande wa Manda. Mwendo ulipozidi, mguu wa mbele ulizidiwa, ubao ukapanda, na bawa likatoka nje ya maji. Bawa likishapata hewa, halibebi tena. Ubao huanguka kana kwamba ngazi imeondolewa chini yako. Nilianguka mbele, na bawa likanikuta kwenye muundi. Ncha ya bawa haina makali ya kisu, lakini kwa mwendo ule ilinifungua ngozi hadi nikaona weupe. Nilishonwa nyuzi saba, nikakaa wiki tatu bila ya kuingia majini, na kwa dawa, usafiri wa boti na siku ambazo sikufanya kazi, hesabu ilifika shilingi 19,000. Tangu siku hiyo siingii bila ya kofia ngumu, fulana nene ya kukinga mbavu na suruali ndefu ya mpira, hata jua liwe kali vipi. Na nikianguka, hujitupa upande na mbali na ubao, wala siung'ang'anii.

Kosa lililofuata lilikuwa la fedha, nalo naliona baya kuliko jeraha, maana jeraha lilikuja kwa ghafla lakini hili nililifanya nikiwa nimetulia. Mwuzaji mmoja wa Mombasa aliniambia kwa simu kwamba bawa langu la mbele, la sentimita za mraba 1,200, ni kubwa mno kwa uzito wangu, na kwamba bawa la 800 lingepunguza nguvu ya kunyanyua. Nililipa shilingi 42,000. Bawa likaja kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi Lamu, nikalifunga siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo nikasogeza mlingoti nyuma kidogo na mikanda mbele kidogo, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kumaliza tatizo mara moja. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Kunyanyuka kukawa kugumu, na nikishanyanyuka, mguu wa mbele ukawa mzito kuliko mwanzo. Sikuelewa hata kidogo. Aprili nzima, mvua za masika zikinyesha na upepo ukiwa haujui uelekeo, ubao ulikaa chini ya uvungu wa kitanda.

Aliyenitoa gizani hajawahi kupanda foili. Ni ami yangu, fundi wa mashua kule Matondoni, ambaye ameunda vyombo tangu kabla sijazaliwa na ambaye katika ujana wake alikuwa akishiriki mashindano ya mashua. Nilikwenda kumsalimia mwezi wa Mei, nikamkuta akipiga kalafati, yaani akiziba nyufa za mashua, na kwa kuwa aliona kovu kwenye muundi wangu, alitaka kujua habari yake. Nilimweleza yote, na kuchora mchoro kwa kijiti kwenye machicha ya mbao.

"Siku ulipohamisha mlingoti," akauliza, "ulihamisha kitu gani kingine?"

"Nilibadilisha bawa, ami. Na mikanda niliivuta mbele."

"Vyote siku moja?"

"Naam, siku moja."

"Sasa, mwanangu, utajua vipi ni kipi kilichoharibu na ni kipi kilichotengeneza?"

Akanieleza jinsi walivyokuwa wakiitayarisha mashua ya mashindano. Farumi ilikuwa magunia ya mchanga. Walisogeza gunia moja tu, wakatweka tanga, wakaenda mpaka Ras Kitau na kurudi, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kukaa tezi, yaani nyuma ya chombo, na kutazama maji yanavyoachana na chombo. Kisha wakasogeza gunia la pili. Chombo kikiinama omo, au kikikalia tezi, walikijua kwa maji yake na kwa uzito wa usukani mkononi mwa nahodha. Aliniuliza pia swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: uzito huo wa mguu unauona tangu ubao unaponyanyuka, au unakuja pale mwendo unapozidi? Sikuwa na jibu. Nilirudi Shela nikiwa nimeaibika, lakini nikiwa na kazi ya kufanya.

Nilinunua daftari la shilingi 50 na futi ya fundi. Nilirudisha bawa kubwa la 1,200. Nilisafisha reli kwa mswaki wa zamani na maji baridi yasiyo ya chumvi mpaka nati zikateleza kwa kidole, kisha nikabandika utepe mweupe kando ya reli na kuutia alama kila sentimita, nikihesabu kutoka ukingo wa nyuma wa ubao hadi katikati ya bolti ya nyuma. Mikanda niliihamisha mara moja tu, nikaiweka katikati ya matundu, na nikajiapiza kutoigusa tena mpaka mlingoti upate mahali pake. Kila siku niliyoingia majini niliandika mambo manne: nguvu ya upepo, mahali pa mlingoti, mguu upi ulikuwa mzito ubao ulipokwenda polepole, na mguu upi ulikuwa mzito ulipokwenda kasi. Mwendo niliupima kwa saa ya mkononi niliyoazima kwa rafiki.

Nilirudisha mlingoti nyuma sentimita moja kila siku. Siku ya kwanza sikuona tofauti kubwa. Siku ya pili, ubao ulipokuwa unakwenda taratibu, niliweza kukunja goti la mbele, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Siku ya nne nilipita kutoka gati la Shela mpaka mkabala wa ufukwe wa Manda bila ya paja kuuma, mwendo ukiwa karibu kilomita 22 kwa saa, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi maji ya mkondo yanavyobadilika rangi chini ya ubao, kwa kuwa macho hayakuwa tena na kazi ya kutazama omo. Kwa kutaka kujua mwisho wake ni wapi, nilirudisha hadi sentimita sita. Hapo mambo yaligeuka: ubao ulikuwa mzito kunyanyuka, mguu wa nyuma ndio ukabeba kila kitu, na upepo ulipolegea kidogo omo ilizama majini, nami nikarushwa mbele. Nikarudi kwenye sentimita nne. Ni vizuri kupitiliza makusudi mara moja, mahali salama penye maji ya kutosha, kwa sababu mtu aliyeona pande zote mbili za kosa huijua katikati yake kwa mwili.

Lakini daftari lilinionyesha jambo ambalo kumbukumbu yangu isingeliniambia. Katika safu ya mwendo wa polepole niliandika "sawa, sawa, sawa". Katika safu ya mwendo wa kasi, kila ulipopita kilomita 30 kwa saa, niliandika "mbele mzito" karibu siku zote, hata mlingoti ulipokuwa nyuma kabisa. Ndipo nikalielewa swali la ami. Uzito unaouona kwa kila mwendo, tangu ubao unaponyanyuka, hutokana na mahali ulipo mlingoti na mahali ilipo miguu. Uzito unaokuja na kuongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka hutokana na bawa la nyuma.

Bawa la nyuma halifanyi kazi ya kubeba kama watu wengi wanavyodhani. Katika foili nyingi limeinamishwa kidogo ili lisukume mkia chini, na mkia ukisukumwa chini, omo huinuka. Hicho ndicho kinachoupa ubao utulivu, kwa maana ukichovya omo hujirudisha wenyewe. Nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Bawa la nyuma likiinamishwa kupita kiasi, ubao utakuwa mtulivu na mwepesi kunyanyuka unapokwenda polepole, lakini ukishika kasi utakuvunja paja. Nilipofungua bawa langu la nyuma, nikakuta chini yake kabari ya plastiki, nayo ni ndugu ya vile vipande vya kwenye kifuko cha nailoni. Kimoja kati yao kiliandikwa 0.5, kingine 1, na kilichokuwa kimefungwa kiliandikwa 1.5. Hizo ni digrii. Mgeni yule, mtu mzito aliyependa kwenda polepole, alikuwa amejiwekea kabari nene kwa haki yake. Mimi nilikuwa naibeba miezi yote bila ya kujua kama ipo. Na hapo likafumbuka pia fumbo la bawa dogo nililolinunua: bawa dogo hutaka mwendo mkubwa zaidi ili linyanyuke, na kwa mwendo ule mkubwa kabari ile ilikuwa inasukuma mkia kwa nguvu zaidi. Shilingi 42,000 zilikuwa zimekwenda kuongeza ugonjwa.

Nilitoa kabari ya 1.5, nikaweka ya 0.5, bila ya kugusa kitu kingine. Upepo wa siku hiyo ulikuwa wa kusi, mkali na wa moja kwa moja. Nilipofika kilomita 35 kwa saa, mguu wa mbele na wa nyuma vilikuwa karibu sawa, na upepo ulipopiga kwa ghafla ilitosha kusukuma kiuno mbele kidogo tu ili ubao ushuke. Nilipiga kelele peke yangu katikati ya mkondo. Sikuondoa kabari yote, na simshauri anayeanza aondoe yote. Bila ya kabari ubao huwa mwepesi na wa kasi, lakini hujibu kila kosa la unyayo, na mtu asiyekuwa na mazoea huanguka asijue kwa nini. Mimi binafsi napenda mguu wa mbele uwe mzito kidogo kuliko wa nyuma, kiasi cha mtu anayepanda mlima mdogo, kwa kuwa hapo najua daima kwamba nikilegeza ubao utapanda na nikisukuma utashuka. Ukiwa sawasawa kabisa, katika mawimbi mguu hukosa kujua uko upande gani.

Juu ya mikanda nina machache ya kusema. Baada ya mlingoti na kabari kukaa, mikanda ndiyo ya kurekebishia kidogo kidogo: kusogeza miguu tundu moja mbele ni sawa na kusogeza mlingoti nyuma kwa kiasi hicho hicho. Upana wa miguu uwe wa mabega. Lililonisumbua mimi lilikuwa la upande hadi upande, maana mkanda wa mbele niliufunga ukiwa umesogea upande wa vidole, na kwa hiyo ubao ulikuwa daima ukitaka kulalia upande mmoja, nami nikawa nakaza vidole mpaka vinakufa ganzi. Mstari wa katikati wa ubao upite chini ya upinde wa unyayo, ili kisigino na vidole vigawane kazi. Nilichora mstari huo kwa penseli kutoka omo hadi tezi kabla ya kufunga mkanda, na ganzi ikaisha siku hiyo.

Kuna wiki moja katika mwezi wa Julai niliyoipoteza kwa kufuata kosa lisilokuwepo. Ubao ulianza kutikisika ukikaribia kasi, nikahamisha mlingoti, nikarudisha, nikabadilisha kabari, nikaandika kurasa tatu. Mwisho nilipoushika mhimili kwa mkono mmoja na mlingoti kwa mwingine na kuukamua, nikasikia mgongano mdogo, tik. Bolti moja ilikuwa imelegea robo ya mzunguko. Tangu hapo, kabla ya kulaumu mpangilio, hukamua kila kiungo kwa mikono nikiwa ufukweni, na baada ya dakika kumi za kwanza majini hurudi kukaza tena, kwa kuwa mchanga ulioingia kati ya viungo husagika na kuacha nafasi.

Chumvi nayo ina deni lake. Mlingoti wangu ni wa alumini na bolti ni za chuma kisichoshika kutu, na vyuma viwili vya namna tofauti vikikaa pamoja katika maji ya chumvi, kimoja hula kingine. Unga mweupe unaouona kwenye tundu ni alumini iliyokwisha liwa. Katika miezi ile ya kwanza sikuifungua foili kuiosha hata mara moja, nikiona nimejirahisishia kazi. Nilipotaka kulirudisha bawa kubwa, bolti mbili hazikusogea. Moja ilitoka kwa maji ya moto na subira ya siku mbili; ya pili ilikatika kichwa, na fundi wa chuma wa mjini alitoza shilingi 3,500 kuitoboa na kuchonga njia mpya. Sasa kila nikitoka baharini naifungua yote, naiosha kwa maji baridi, naikausha kivulini, na kila bolti naipaka grisi ya baharini kabla ya kuirudisha. Maji baridi kwetu hutoka katika visima vya Shela, yamechujwa na matuta ya mchanga, nayo si ya kuchezea. Ndoo moja yenye kitambaa inatosha.

Jambo la maji yenyewe nalo lataka hesabu. Mlingoti wangu una sentimita 75, kwa hiyo maji yasiyofika kifuani ni maji ya kuvunjia bawa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji hupwa mpaka mafungu ya mchanga uliyoyapita asubuhi yakiwa chini sana yanaonekana mchana yakiwa makavu, na mkondo wa kati ya Shela na Manda hukimbia kiasi cha kuongeza au kupunguza mwendo wako juu ya ardhi. Hili liliniharibia vipimo vingi, kwa sababu saa hupima mwendo juu ya ardhi, wakati bawa hubebwa na mwendo katika maji. Siku za maji mafu, ambapo maji hayajai wala kupwa sana, katika saa ile maji yanaposimama kabla ya kugeuka, ndizo nilizozitumia kwa majaribio, na daftari likaacha kupingana. Ni vizuri pia kuwauliza wavuvi asubuhi nyavu zimetegwa wapi. Foili ikikamata wavu, mwenye wavu amepata hasara ya siku nzima, na hana habari na digrii zetu.

Kwa jumla nilitumia shilingi 174,550 bila ya kuhesabu futi wala siku nyingine zilizopotea, na katika hizo, zilizokuwa za lazima ni zile 110,000 za ubao na 50 za daftari. Bawa dogo nililiuza mwezi wa Agosti kwa shilingi 25,000, nikamlipa shemeji sehemu ya deni lake. Nilikwenda Matondoni na daftari mkononi. Ami alilifungua, akapitisha kidole juu ya safu za namba kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini siku ya tisa imeandikwa upepo bila ya mguu, na nikakiri kwamba siku ile nilichoka nikasahau.

Wiki iliyopita binamu yangu, kijana wa kilo 82, aliazima ubao wangu kwa mara ya kwanza. Alirudi baada ya nusu saa akisema mguu wa nyuma unamwuma na omo inachovya kila anapopunguza mwendo. Nilimwuliza kama uzito huo upo tangu ananyanyuka au unakuja na kasi. Akafikiri, akatazama maji, akasema upo tangu mwanzo. Tukaugeuza ubao juu ya mkeka, tukalegeza bolti nne, tukasukuma mlingoti mbele sentimita moja hadi kwenye alama ya utepe, na yeye mwenyewe akaandika tarehe juu ya ukurasa mpya.